Kwanza Kabichi Ziishe

Kilichomuudhi Jeong-im alfajiri ile, kabla ya mengine yote, ni jinsi watu walivyokubaliana haraka. Mmoja alisema mama amevimbiwa, wa pili akaitikia, wa tatu akaenda kutafuta uzi, na basi, ugonjwa ukawa umeshapewa jina na hakuna wa kuubadilisha. Mama mwenyewe, Bok-rye, mama mkwe wake Jeong-im, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na bomba, anatokwa na jasho. Na hiyo ni Novemba. Maji ya bomba yalikuwa yanauma mpaka kwenye mfupa, pumzi za watu zinatoka na moshi, na kikongwe wa watu analowa jasho mpaka nywele zimemganda kwenye paji la uso.

Ilikuwa siku ya kutengeneza kimchi, kabichi za kuvundika na pilipili, ya majira yote ya baridi. Kwa watu wa Haenam, kusini mwa Korea, siku hiyo haiahirishwi, mtu awe mgonjwa, awe na kesi mahakamani, awe amefiwa. Kabichi mia mbili zilikuwa zimeshakolea chumvi usiku kucha, zimeoshwa, zimepangwa zichuruzike maji. Zikikaa zaidi ya hapo zinalegea, na kazi ya miezi mitatu shambani inakwenda na maji. Katikati ya ua, juu ya benchi, lilikaa beseni kubwa la rojo la kuzipaka: pilipili ya unga, vitunguu saumu, tangawizi, figili, na kamba wadogo waliovundikwa kwa chumvi. Wanawake wa jirani walikuja na glavu zao. Hui-suk, wifi yake Jeong-im, alikuja kutoka Seoul jana yake na gari lililojaa makopo matupu, kwa sababu yeye kimchi ya dukani haili, eti haina roho.

Sasa uelewe jambo moja kuhusu Bok-rye. Yeye ndiye alikuwa fundi wa sindano wa kijiji kile. Mtu akivimbiwa, haendi zahanati, anakwenda kwa Bok-rye. Anamsugua mkono kutoka begani kushuka, anamfunga uzi kwenye kidole gumba, anatoboa hapo chini ya ukucha, damu nyeusi inatoka, mtu anabeua, anashukuru, anakwenda zake. Amewatoboa wazee, wajukuu, mpaka askari mmoja aliyepita njia. Kwa hiyo aliposema mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza, kwamba zile keki za mchele za jana usiku zimemkaa kifuani, nani wa kumbishia? Ni kama fundi cherehani akuambie suruali inabana.

Jeong-im alimbishia, lakini kwa adabu, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Alichuchumaa mbele yake akamuuliza kama maumivu yanakwenda mahali pengine. Bok-rye akasema hapana, ila jino linamuuma. Upande wa kushoto, chini, linavuta mpaka sikioni.

Ndani ya kinywa kile hakukuwa na jino hata moja. Meno yote ya Bok-rye, ya juu na ya chini, ni ya bandia, na kila usiku Jeong-im huyaona ndani ya bakuli kwenye dirisha la bafuni.

"Mama," akasema, "huna meno."

Jamani, hapo ndipo palipochafuka. Hui-suk, aliyekuwa anakuja na uzi na sindano, alisimama kama amepigwa kofi yeye. Akauliza hii ni heshima ya wapi, mtu anaumwa unamsimanga mdomo wake mbele ya majirani. Jeong-im akajaribu kueleza kwamba hasimangi, kwamba taya kuuma bila jino, na jasho la baridi, na kifua kubana, na ile rangi ya uso kama jivu, vyote hivyo ni moyo. Si tumbo, ni moyo. Alikuwa amesikia haya kwa masikio yake kwenye ukumbi wa kijiji, siku ile mwenyekiti alipotangaza kwenye spika kwamba muuguzi wa afya anakuja na kila atakayehudhuria atapewa taulo. Muuguzi alisema wazi: wanawake wazee wengi mshtuko wa moyo ukiwapata hawashiki kifua na kuanguka, wanasema nimechoka, tumbo limejaa, mgongo unavuta, taya linauma. Akasema usingoje, piga 119, namba ya gari la wagonjwa, maana kila dakika inayopita kipande cha moyo kinakufa. Bok-rye alikuwa amekaa mstari wa mbele siku hiyo. Alilala kuanzia salamu mpaka makofi, akaamka, akachukua taulo mbili.

"Wifi," akasema Hui-suk, "tangu lini ukawa daktari?"

Wanawake wakacheka kidogo, cheko lile la kupoza mambo, na Hui-suk akaendelea kusugua mkono wa mama yake. Alifunga uzi kwenye kidole gumba mpaka kikawa cha zambarau, akatoboa. Damu ikatoka nyeusi. Akakiinua kidole watu wote waone, kama wakili anayeonyesha ushahidi. Si mnaona? Ni kuvimbiwa huku. Jeong-im alitamani kupiga kelele. Mfunge mtu yeyote kidole na uzi namna ile, mfunge hata mtoto mchanga aliyetoka kunyonya, damu itatoka nyeusi, kwani itapata wapi nafasi ya kuwa nyekundu? Lakini Bok-rye alibeua. Alibeua kwa nguvu, uani watu wakashusha pumzi, mmoja akaleta maji ya plamu ya moto, na kazi ikaendelea. Ikaendelea kweli! Watu wakarudi kwenye kabichi zao wakifungua jani moja moja na kupaka rojo, wakiongea habari za harusi ya binti wa mwenyekiti.

Mpaka jua linapanda juu Jeong-im alikuwa amepaka kabichi ishirini. Ya ishirini na moja ilimshinda. Alikuwa anamwangalia Bok-rye pembeni mwa jicho, na Bok-rye alikuwa ameinama akijishika nyuma ya bega, mdomo wazi, anavuta hewa kama mtu aliyepanda kilima. Presha alikuwa nayo miaka na miaka. Dawa alipewa, akameza mwezi mmoja, akaziacha, kwa sababu jirani mmoja alimwambia dawa za presha ukianza huachi mpaka kaburini. Jeong-im alimsihi, alimpangia vidonge kwenye kisanduku cha siku saba, alimwekea kando ya bakuli la wali kila asubuhi. Baadaye aligundua kwamba mama mkwe wake alikuwa akivitumbukiza kwenye chungu cha ua la sebuleni. Supu nayo Jeong-im akiipunguza chumvi, Bok-rye alionja kijiko kimoja, akanyanyuka bila neno, akaifuata chupa ya mchuzi wa soya. Ukiishi na mtu hivyo miaka ishirini na saba unajifunza kumeza hasira.

Akavua glavu, akatoa simu mfukoni, akapiga 119. Alikuwa ameshataja jina la kijiji na anaanza kueleza, mkono ukaja kutoka nyuma ukaichukua simu. Ni mumewe, Tae-sik. Tae-sik si mtu mbaya. Hanywi kupita kiasi, hapigi, hadanganyi. Ugonjwa wake ni mmoja tu, anaogopa watu watasema nini. Msimu uliopita wa baridi familia moja pale kijijini ilimwitia mzee wao gari la wagonjwa, kufika hospitali ikaonekana ni gesi tumboni, na mpaka majira ya kupanda mpunga kijiji kizima kilikuwa kikiliita lile gari, gari la gesi. Tae-sik alicheka kuliko wote. Sasa alikuwa anainama mbele ya simu, anainama kweli kweli kana kwamba mtu wa upande wa pili anamwona, anaomba radhi: samahani sana, mke wangu ameshtuka tu, mama alivimbiwa kidogo, tumeshamtoboa, ameshapata nafuu.

Jeong-im alimwambia kwa sauti ya chini, maana hata wakati huo alikuwa bado anachunga sauti, mjinga yeye, "Baba Seul-gi, mama yako anakufa."

Tae-sik akatazama huku na huku kuona nani amesikia. Akamwambia asiwatie mikosi siku ya kazi. Akasema wamalize kwanza kabichi, mchana atampeleka mwenyewe kwa gari lake zahanati apate kidonge cha tumbo, mambo yaishe bila ving'ora.

Basi Jeong-im akamrudia mgonjwa mwenyewe. Alimpigia magoti kwenye saruji iliyolowa, akamwomba. Alimwambia twende, Mama, mimi na wewe tu, kwa gari, watu watadhani tumefuata chumvi. Bok-rye alimtazama kwa macho yaliyokuwa mbali. Midomo ilikuwa imepauka. Na unajua alisema nini? Alisema rojo bado halijakolea kamba, na asipokuwepo yeye nani ataonja. Alisema Hui-suk amesafiri kutoka Seoul, atarudi na makopo matupu? Alisema kabichi zitalegea.

"Kwanza kabichi ziishe," akasema. "Halafu nipelekeni mnakotaka."

Jeong-im akasimama. Alisimama pale katikati ya ua, magoti yamelowa, na kwa mara ya kwanza akaona anashindana na nini. Siku zote alidhani anashindana na mdomo wa Hui-suk, au na aibu ya Tae-sik, au na ukaidi wa bibi huyu. Kumbe hapana. Palikuwa na kazi pale uani, na maadamu kazi ipo hakuna mtu atakayeinua kichwa, hata yule anayekufa. Angeweza kusema mpaka koo likauke. Wangemjibu kwa adabu kwamba ngoja tumalize.

Akaliendea lile beseni. Lilikuwa zito, wanaume wawili ndio waliolipandisha kwenye benchi. Hakujaribu kuliinua. Aliweka bega chini ya ukingo, akasukuma kwa miguu kama mtu anayesukuma gari lililokwama, na beseni likainama, likasita, likapinduka.

Rojo lote lilimwagika. Lilitambaa kwenye saruji, zito, jekundu, likapita chini ya viti, likaingia kwenye viatu vya watu, likaufuata mfereji wa maji machafu taratibu bila haraka. Hata redio ya jirani ilisikika. Kisha Hui-suk akapiga ukelele mmoja mrefu, akamrukia Jeong-im akamshika ukosi wa koti, akimwita mwendawazimu, akimwita mchawi wa nyumba hii, na Jeong-im akamwacha amtikise atakavyo.

Bok-rye alinyanyuka. Alitaka kulifikia beseni, mkono ameunyoosha, akapiga hatua moja, akakaa chini kwenye rojo kama mtoto aliyechoka kutembea. Uso ulikuwa hauna rangi tena. Tae-sik alimtazama mama yake. Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, maana sasa hakukuwa na kabichi ya kutazama. Alianza kupapasa mifuko yake akitafuta simu, aipapase wee, na ilikuwa mkononi mwake.

Vijana wa gari la wagonjwa aliloliita walipofika, walimfunga waya za kupimia moyo palepale uani. Mmoja alitazama ile karatasi inayotoka kwenye mashine, akamwonyesha mwenzake, na familia wakaiambia sogeeni tu. Hui-suk ndiye alipanda naye garini. Jeong-im na mumewe wakafuata kwa gari lao, suruali zimeganda pilipili, na njia nzima Tae-sik alisema jambo moja tu, kwamba alidhani ni keki za mchele.

Kwenye hospitali ya mjini, daktari alitoka akiwa ameshavaa kofia ya upasuaji. Mwanamke mdogo wa umri, mwenye haraka. Akasema ni mshtuko wa moyo, mshipa mmoja mkubwa umeziba, wanaingia sasa hivi kuuzibua. Lakini anataka kujua kitu kimoja, na anataka ukweli. Maumivu yalianza lini hasa?

"Sasa hivi tu," akasema Hui-suk. "Mama alikuwa mzima. Huyu hapa alimwaga rojo la kimchi yote makusudi, mama akapandwa na hasira, moyo ukapasuka."

Akamnyooshea Jeong-im kidole. Na hilo, ukilisikia kwa mara ya kwanza, lina maana. Hasira kumuua mtu ni jambo ambalo kila mtu pale barazani alikuwa na shangazi aliyekutwa nalo. Wageni wa wagonjwa wengine wakageuka kumtazama Jeong-im, nguo zake nyekundu mpaka mapajani. Akasema si kweli, ilianza kabla ya mapambazuko, taya, jasho, niliwaambia. Daktari akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Jeong-im akamgeukia mumewe. Tae-sik alikuwa amesimama hapo, alikuwa ameyaona yote, simu alikata yeye. Akatazama viatu vyake. Jeong-im amewahi kukasirika katika maisha yake, lakini hasira ya dakika ile hajapata kuionja tena, ilikuwa na ladha kama ya chuma.

Muuguzi aliyekuwa anamvua Bok-rye nguo nyuma ya pazia ndiye aliyemwita daktari. Wote wakasogea. Alikuwa amemvua soksi. Miguu ilikuwa imevimba, soksi zimeacha mstari, na kwenye vidole vyote kumi, chini ya kila ukucha, kulikuwa na vitobo vya sindano. Vingine vimeshapona vimekuwa vidoa vyeusi. Vingine vina gamba. Vingine ni vya jana.

Watu wa pale wanajua. Vidole vya miguu hutobolewa pale vya mikono vinaposhindwa kufanya kazi. Na kule hakuna anayeviona.

Hui-suk aliutazama mguu wa mama yake, akafunika mdomo. Daktari akainama karibu na barakoa ya hewa akauliza tena, taratibu safari hii, bibi, ilianza lini? Bok-rye alifungua macho. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi wote wainamie kitanda.

"Kabichi zilikuwa bado shambani," akasema.

Wakampeleka. Walimwekea kijibomba cha waya ndani ya mshipa, damu ikapita, akaishi. Jioni daktari aliwaeleza bila kuzungusha maneno. Mshipa ulikuwa unaziba kidogo kidogo kwa siku nyingi, ukaziba kabisa alfajiri ile. Angefika alfajiri, moyo ungebaki karibu mzima. Amefika mchana, na sehemu ya msuli wa moyo imeshakufa na hairudi. Kuanzia sasa ngazi zitamshinda, mzigo hatabeba, vidonge ni kila siku, chumvi ni ya kunusa. Tae-sik alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, machozi yanamtiririka, na Jeong-im hakumpa kitambaa. Hui-suk alikwenda kwenye mashine akanunua kahawa, akaja akaiweka kwenye kiti kando ya Jeong-im, akaondoka bila kumtazama. Jeong-im aliiacha ikapoa.

Siku ya tatu ndipo Bok-rye alipoanza kuongea vizuri. Aliwatoa wote chumbani, mwana, binti, akasema anamtaka mkwe wake peke yake. Jeong-im akaingia akiwa amejiandaa. Alikuwa na maneno ya kujibu ikiwa atatukanwa, na alikuwa na mengine, machache zaidi, ikiwa atashukuriwa. Akakaa. Bok-rye alikuwa mdogo sana kwenye kitanda kile, bila meno, mashavu yameingia ndani. Aliutazama mkono wake wenye mrija muda mrefu.

"Lote lilimwagika?"

"Lote, Mama."

"Halikubaki hata la bakuli?"

"Hata la kijiko."

Bok-rye akafumba macho. Jeong-im alidhani amelala, akaanza kuinuka.

"Kaa." Akakaa. "Ulijua tangu alfajiri?"

"Nilijua. Nilisema, hamkunisikia."

"Kusema," akasema Bok-rye, na alilisema neno hilo kwa dharau ileile aliyoionjea supu isiyo na chumvi. Kisha akafungua macho, na yalikuwa yamejaa maji, na yalikuwa yamekasirika. "Sasa kama ulijua, mbona hukulimwaga alfajiri?"